Kichwa cha Fisi Maji

Samaki ndio walionipa habari kwamba nyumbani kuna jambo. Au niseme kukosekana kwa samaki. Mama yangu alikuwa na mtindo wa kunitumia usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, wakiwa wamekaushwa vizuri na kufungwa kwenye mfuko wa salfeti. Aliyewapandisha Mbinga ni mama mmoja wa kijijini kwetu anayeuza samaki sokoni. Alikuwa hapiti bila kugonga mlango wangu. Alikaa, akanywa chai, akanipa habari za nani kafa na nani kaolewa. Ghafla mifuko ikakoma. Nikimkuta sokoni alinisalimia harakaharaka, kisha akaanza kupanga upya samaki waliokwisha kupangwa. Nikamuuliza kama mama hajanipa kitu. Akasema ziwa limechafuka, usipa hawapatikani. Alisema hivyo mbele yake kukiwa na fungu la usipa lililonifika magotini.

Mimi kwa asili ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili najiuliza ya pili ni ya nini. Kwa hiyo jioni ile nilimpigia mama simu, nikajifanya nauliza habari za mvua, halafu nikaingia kwenye lililonifanya nipige: mtoto wangu. Nilimkumbusha kwamba shule zikifungua mwezi wa kwanza, binti yangu anakuja kuanza darasa la kwanza Mbinga, aishi na mimi. Tulishakubaliana hilo tangu mavuno ya mihogo. Mama akasema, “Tutaangalia.”

Mama yangu hajawahi kuangalia kitu maishani mwake. Yeye huamua.

Binti huyo nilimzaa bila mume wa kunisaidia kulea, na alipoachishwa kunyonya nilimwacha kwa wazazi wangu kule mwambao, upande wa Kihagara, nikapanda mjini na cherehani yangu. Nilikuwa nalala kwenye chumba ambacho hata panya walikiona kidogo. Sasa nilikuwa nimepata vyumba viwili na kitanda cha pili. Nilishanunua hata godoro lake. Nilichokuwa nangoja ni yeye tu.

Sasa niseme kuhusu kile kichwa cha mnyama nilichokishona.

Kuna watu duniani, wengi kuliko unavyodhani, wanaopenda wanyama wa kubuni wenye tabia za watu. Sizungumzii watoto. Ni watu wazima wenye kazi zao. Kila mmoja hujitungia mnyama wake, akampa tabia, akamchora, akamtungia visa. Wenye uwezo hushona kichwa na mkia, wakakutana ukumbini, wakacheza, wakapiga picha, na Jumatatu wakarudi kazini. Mimi niliwakuta kwenye simu nikiwa natafuta namna ya kushona kofia ya mascot, yule mnyama wa kuchangamsha watu, kwa ajili ya mahafali ya shule moja. Nikaingia kwenye kundi lao la Afrika Mashariki. Mle ndani kuna mwalimu ambaye ni korongo, nesi ambaye ni pundamilia, na anayeliendesha kundi ni nungunungu. Majina yao halisi siyajui hadi leo. Kwa tabia yangu nilikaa muda mrefu nikingoja siku watakayoniomba hela, au watakayonitumia picha chafu nipate sababu ya kutoka. Hawakuomba, hawakutuma. Waliongea kuhusu gundi.

Mtu atauliza nilipata nini. Siku nzima nashona sare za shule kwenye baraza la duka la mama mmoja wa Kiislamu, mwenye asili ya pwani. Sare ni nguo ya kumfanya mtoto afanane na wenzake, na mimi nilikuwa nimezishona hadi naziota. Jioni nilitaka kushona kitu kisichofanana na chochote. Ndiyo hivyo tu. Lakini watu wakisikia mtu mzima ana kichwa cha mnyama chumbani huwaza mawili, uchawi au uchafu, na hakuna anayengoja kuelezwa la tatu.

Nilichagua fisi maji, yule mnyama wa ziwani mwenye manyoya anayekula samaki. Nilipokuwa mdogo niliwaona alfajiri kwenye mawe ya ufukweni, wakibingirishana na kupigana mwereka bila hata kugombana, kabla watu hawajafika na kuwarushia mawe. Kichwa nilikishona kwa sponji na blanketi la manyoya la mtumba. Pua ni kipande cha ndala nyeusi, macho ni wavu wa chujio la chai, ndevu ni nailoni ya ndoano. Gundi ilipokuwa haijakauka nilikitundika kwenye msumari karibu na dirisha, nikaenda dukani. Ndiyo siku yule mama wa samaki alipokuja, akagonga, akakosa jibu, akachungulia. Akakutana na macho yale ya chujio. Naambiwa alikimbia hadi sokoni bila kandambili moja, na mfuko wangu wa usipa mkononi.

Aliyenieleza hayo ni mwenye duka. Aliniita ndani, akafunga pazia, akasema, “Mwanangu, sokoni wanasema una kitu chumbani kwako. Wanasema umejiunga na watu wa utajiri wa kafara.” Nikamletea kichwa akione. Akakigeuza huku na huku, akasema subhanallah, akacheka hadi machozi. Halafu akaacha kucheka. “Shuka ziwani ukawaambie wazazi wako kwa kinywa chako. Wakishaambiwa na dunia, hata ukiapa hawatakusikia. Na mwanangu, hapa barazani usikilete tena. Mimi nimeelewa, wateja hawataelewa.”

Nikafunga safari. Nilinunua sukari, mkate, mafuta ya kula, sabuni na gauni la mtoto. Kichwa nikakitia chini kabisa kwenye begi la shangazi kaja, nikakifunika na kanga.

Nilifika mchana jua likiwa limesimama. Baba alikuwa kwenye kichanja cha kuanikia samaki, akigeuza usipa. Usipa tele. Nikamwangalia, naye akaona ninachoangalia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umekuja peke yako?”

Swali hilo sikulipenda. Nije na nani? Mama akatoka jikoni, nikamwamkia, akaitikia huku akinitazama miguuni, kisha kivulini kwangu. Binti yangu alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, halafu katikati ya uwanja akapunguza mwendo, akasimama, akamtazama bibi yake kwanza. Nikamkumbatia. Alikuwa mkavu mikononi mwangu. Mama akamtuma kwa jirani kupeleka kinu, na kinu chenyewe nilikiona kiko jikoni.

Zawadi walizipokea kwa mikono miwili na asante nyingi. Mama akaziweka pembeni juu ya pipa, akazifunika na kanga. Nikadhani zimehifadhiwa. Chai ikaja, haina sukari. Nikasema, “Mama, sukari si hiyo?” Akasema daktari amewakataza. Daktari gani, sikuuliza. Baba yangu mimi namjua, chai yake kijiko kikisimama ndiyo imekolea. Alikunywa ile chungu uso umemkunjamana, akasema ni nzuri. Wakati huo mtoto akarudi, akaona mkate unachungulia chini ya kanga, akapeleka mkono. Mama akampiga kibao cha mkono hata kikombe chake kikaanguka.

“Si nimekwambia!” akasema kwa Kinyasa. Kisha akaniona namtazama.

Ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu hakwambii usoni kwamba anakuogopa. Anapokea ulicholeta, anashukuru, na hali. Nilikuwa nimewaona wakimfanyia hivyo jirani mmoja aliyetajirika ghafla. Mchele wake ulioza kwenye nyumba za watu, na kila nyumba ilimshukuru. Sikuwahi kufikiri kuna siku mkate wangu utakaa juu ya pipa la mama yangu mwenyewe.

Hasira ikanipanda. “Mtoto atoke nje,” nikasema. Alipotoka nikauliza, “Mama, mnadhani nimewaletea nini? Sumu?”

“Usinipandishie sauti.”

“Sasa kwa nini hamli?”

Baba akaweka kikombe chini. Yeye ni mzee wa kanisa, na akitaka kusema jambo zito hufuta kwanza mdomo kwa kiganja. Akafuta. “Mwanangu, umeingia wapi?”

“Sijaingia popote, baba. Ni watu tunaopenda jambo moja. Kama wale wanaoshabikia mpira.”

“Mpira una uwanja. Nyie mnakutana wapi?”

“Kwenye simu.”

“Mliapa?”

“Hapana.”

“Mlikula nini pamoja?”

“Baba, kwenye simu mtu anakula nini?”

“Mkubwa wenu ni nani?”

“Hatuna mkubwa.”

“Hakuna kundi lisilo na mkubwa,” akasema mama. “Hata kioda chetu kina mkubwa, na sisi tunacheza ngoma tu.”

Nikasitasita, na wakaona nimesitasita. “Yupo anayeendesha kundi,” nikasema.

“Anaitwa nani?”

“Jina lake silijui. Tunamwita Nungunungu.”

Mama akashika kichwa. “Lisemwalo lipo,” akasema, “lisemwalo lipo, mimi nilisema.” Na kusema kweli hata mimi, nilipoyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu kwenye chumba kile, chini ya msalaba wa ukutani, niliona kwamba ningekuwa mimi ndiye mzazi ningekuwa nimeshaita padri.

Baba hakuinua sauti. Aliinama kidogo mbele kama mtu anayeuliza ugonjwa. “Walikwambia umlete nani?”

Sikuelewa. “Kumleta wapi?”

“Mtoto tumekaa naye tangu anaachishwa kunyonya. Miaka yote ulisema mjini huwezi, chumba kidogo, kazi nyingi. Tukasema sawa. Sasa umeshona kichwa cha mnyama, una vyumba viwili, na mara unamtaka mtoto. Mimi nikuelewe vipi?”

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuachwa, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Baba yangu aliyenibeba begani kunivusha mto alikuwa ananiuliza, kwa upole kabisa, kama nimemjia mwanangu nikamchinje. Na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Kama nimemwelewa vizuri, alikuwa tayari kunipoteza mimi ili asimpoteze yule. Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, nikalia, nikaona aibu kulia, nikavuta lile begi.

“Hiki hapa,” nikasema. “Ndicho kilichowatoa roho.” Nikakiweka mezani kati ya vikombe.

Mama akaruka hadi mlangoni. Baba akabaki amekaa, ila mkono wake ulikwenda kwenye kifua. Kichwa kilikuwa kimebonyea upande mmoja kwa safari, na ndevu za nailoni zimepinda. Kilikuwa kinaonekana kimechoka.

“Ndani yake kuna nini?” mama akauliza.

“Sponji.”

“Nimeona hirizi zilizoshonewa ndani ya mito ya watu. Usiniambie sponji.”

Nikamwomba wembe. Hakutaka kunipa, akampa baba, baba akanipa. Nikaufumua mshono wa bitana, ule uliokuwa umenichosha macho kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, uzi kwa uzi kuanzia shingoni hadi utosini, nikakipasua mbele yao kama kuku. Mama akasogea hatua kwa hatua. Akatia vidole, akavuta kipande cha njano, akakinusa.

“Hili ni godoro.”

“Ndiyo, mama.”

“Umekata godoro?” Sauti yake ilibadilika kabisa. “Godoro zima la mtu kulalia umelikata kutengeneza hiki?”

Sijapata kufurahi kugombezwa kama siku ile. Lakini baba alikuwa bado hajamaliza. Akakivuta karibu, akakitazama usoni. “Ni mnyama gani huyu?”

“Fisi maji.”

Baba amevua tangu ujana. Fisi maji wamemchania nyavu, wamemlia samaki wake wa mbasa wakamwachia vichwa, wamemfanya arudi nyumbani mikono mitupu mbele ya mke na watoto.

“Kati ya wanyama wote wa Mungu,” akasema polepole. “Simba hukumwona? Sungura? Umemwona huyu mwizi?”

“Wanacheza vizuri, baba.”

“Wanacheza na nyavu zangu!” Akapiga meza, na mama, sijui kwa nini, akachekea puani, kisha akajiziba mdomo. Baba akaendelea kunung’unika kwamba hata masikio nimekosea, haya ni ya mbuzi. Nilimjibu kwamba huyu ni wa kubuni. Akasema wa kubuni angekuwa na adabu.

Halafu uso wake ukarudi kuwa mzito kama mwanzo. Akasimama. “Kama kina kitu,” akasema, “kinipate mimi kwanza. Mimi nimeshaishi.” Akafunga macho, akasali Baba Yetu yote hadi mwisho, na mama akaitikia amina kwa sauti ya msibani. Akakichukua kichwa kwa mikono miwili, bitana ikining’inia, akakivaa.

Mama alipiga yowe. Sisi wawili tukasimama tukimtazama mzee wa kanisa mwenye suruali iliyokunjwa magotini na kichwa cha fisi maji. Alikaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Kisha kutoka ndani, sauti yake ikiwa imezibwa, akasema, “Kuna joto.”

“Umejisikiaje?” mama akauliza.

“Nimekwambia, joto. Na sioni pembeni. Mtu akivaa hiki atagonga mlango.”

Mama akakaa sakafuni akacheka, na mimi nikacheka, na hata ndani ya sponji nikasikia kicheko cha baba. Ndipo nilipomwona mwanangu mlangoni. Yowe la bibi yake lilikuwa limemleta. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, amemkodolea macho mnyama aliyekuwa anacheka kwa sauti ya babu yake. Baba akamwona pia, akakivua haraka kwa kukisukuma juu kwa mikono miwili, uso wake ukatokea umelowa jasho, akasema, “Ni mimi, mjukuu wangu. Ni babu.” Mtoto hakulia wala hakukimbia. Alimtazama babu, akakitazama kichwa, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Jioni ile baba alitoa neno lake. “Jambo lenu silielewi, na silipendi. Lakini silo walilosema. Mtoto ataenda.” Mama akauliza mara mbili kama yule Nungunungu anajua nyumba ninayokaa. Nikamwambia hajui hata jina langu. Akasema afadhali, na akaanza kufua nguo za mtoto. Nilijua hajamaliza kunishuku, ila amechoka, na kwangu ilitosha. Nilisema moyoni nimeshinda.

Asubuhi walitusindikiza hadi barabarani. Mama alikuwa ananikwepa macho. Akiwa anafunga vifungo vya gauni la mtoto alininong’oneza kwamba kuna maneno alimwambia mtoto kipindi kile cha uvumi, ya kumkinga tu, nisiyaweke moyoni. Maneno gani? Akasema, “Nilimwambia akija mtu mwenye sura ya mama yake, asimkimbilie.” Akajifuta na kanga, akarudi nyuma kusimama na baba.

Nikakaa kwenye jiwe la kando ya barabara kungoja gari. Mtoto mwenyewe akapanda mapajani mwangu bila kuitwa, nikafurahi. Akaweka mikono miwili chini ya kidevu changu. Vidole vyake vidogo vikapita shingoni polepole, vikabonyeza, vikapanda hadi nyuma ya masikio, vikaingia kwenye nywele.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Cha babu kilivuliwa hivi,” akasema, akanionyesha kwa kusukuma taya zangu juu. “Hiki chako kinavuliwa wapi?”

Nikamwambia hiki hakivuliwi, ndiye mimi, ndiye mama. Akaitikia kwa adabu kama alivyofundishwa. Kisha vidole vikarudi nyuma ya sikio, vikaendelea kutafuta mshono.